Mkaguzi Aliyeketi Dawati la Nyuma

Siku hizi hatuitwi wakaguzi. Tunaitwa wathibiti ubora wa shule, tunakwenda kwa timu ndani ya gari moja, kila mtu na kishikwambi chake. Jina limelainishwa ili walimu wasituogope, na bado wanatuogopa. Juzi tuliingia shule moja upande wa Mwera, nikamwona mwalimu kijana anafuta ubao uliokwisha kuwa safi. Alikuwa anaufuta tena na tena. Hapo nikamkumbuka Mama Mkaguzi. Nilitamani kumwambia yule kijana, laiti ungekaguliwa na yeye. Lakini mimi mwenyewe, siku Mama Mkaguzi alipoingia darasani kwangu kwa mara ya kwanza, chaki ilinidondoka.

Wilaya nzima ya Pangani tulimwita hivyo tu. Jina lake alikuwa nalo, lakini sikupata kumsikia mtu akilitaja. Wizara ilipobadilisha jina la kazi, mwalimu mmoja mwenye adabu alijaribu kumwita Mama Mthibiti Ubora. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, jina hilo refu. Nitakuwa nimeshafika na kuondoka hujalimaliza."

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na kila msimu wa ukaguzi mikono yake ilikuwa na hina mpya, kana kwamba anakwenda harusini. Bodaboda aliyemleta aliambiwa asimame mbali, kabla shule haijaonekana, Mama akamalizia kwa miguu, amevaa raba, viatu vya heshima viko ndani ya mkoba. Mwalimu wa zamu alistukia tu mama wa makamo, baibui limejaa vumbi, anatokea upande wa vyoo vya wanafunzi. Huko ndiko alikoanzia, kabla hajaingia ofisini na kabla hajatia saini kitabu cha wageni. "Ofisini nitaambiwa shule ilivyo," alisema. "Chooni naiona mwenyewe."

Shule zikipata fununu kwamba anakuja zilifagia uwanja, zikapiga chokaa mawe ya njiani, zikabandika michoro mipya ukutani. Yeye alipita akigusa michoro kwa kidole kimoja, kidole kikitoka na gundi mbichi, na wala hakusema neno. Neno alilisema baadaye, wakati wa kuaga: "Mtu akikufagilia njia, tazama alikosukumia taka."

Kulikuwa na mazoea ya kumchinjia mgeni wa wilayani kuku. Mara ya kwanza kwetu jogoo alikuwa tayari amefungwa miguu nyuma ya jiko. Mama Mkaguzi alimfungua mwenyewe. "Mwacheni huyu aendelee kuamsha watu," akasema, kisha akachukua kikombe cha bati, akapanga foleni ya uji nyuma ya watoto wa darasa la kwanza. Alikunywa uji wote, akauliza kwa nini hauna sukari, na kwa nini walimu wana sukari. Lakini asije mtu akadhani alikuwa mtu wa kujinyima. Jioni, kazi ikiisha, alijikaribisha nyumbani kwa mwalimu, akaagiza bada, ugali wa unga wa muhogo, na samaki wa kuchoma, na bada ikiwa laini alilalamika waziwazi kuwa imempa kazi ya kunywa badala ya kula.

Siku ile ya kwanza darasani kwangu nilikuwa nafundisha darasa la pili hesabu za kutoa kwa kukopa. Niliandaa kiti cha mbele, nikakifunika kwa kitambaa kilichofumwa. Alikipita. Alikwenda mpaka dawati la mwisho, akawaomba wasichana wawili wasogee, akaketi katikati yao, magoti yamepanda karibu na kidevu. Niliendelea kufundisha bila kujua nasema nini. Katikati ya somo nikaona mkono wenye hina umenyooshwa juu, kama mwanafunzi. Nilishindwa nifanyeje. Mwisho nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Mwalimu, huku nyuma hatuoni. Jua linapiga ubao."

Watoto walicheka. Alisimama akaja mbele, akanipokonya chaki kwa upole, akanielekeza nikaketi pale alipoketi yeye. Nikaketi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikauona ubao wangu kutoka nyuma: uling'aa mweupe kama bati la mchana, hakuna hata tarakimu moja iliyosomeka. Wasichana wale wawili, ambao nilikuwa nikiwaita wazito, walikuwa hawaoni kitu tangu mwaka uanze. Tuliuhamisha ubao siku hiyohiyo, mimi na yeye tumeushika huku na huku.

Basi huo ndio ukaguzi nilioujua kwake. Walimu wengi waliamini mkaguzi anakuja kukamata mwizi, na wakaguzi wengine walituaminisha hivyo. Yeye alisema kazi yake ni kuwa jicho la mtu asiyeweza kufika. Wilayani hawawezi kufika, wazazi wanaona haya kuingia darasani, na mtoto anadhani kila shule duniani iko kama yake. Sasa nani atasema ubao hauonekani? Alilisema jambo hilo polepole, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao Mtang'ata, ambacho kilizidi kuwa cha kwao kadiri alivyokasirika.

Na alikasirika. Alitukataza kuwachapa watoto, lakini ulimi wake mwenyewe ulikuwa fimbo. Nimemwona mwalimu mwanamume, mtu mzima mwenye wajukuu, akitoka naye ofisini anafuta macho. Alisahihisha mwandiko wetu wakati mwandiko wake ulikuwa kama njia ya kaa mchangani. Na hakuweza kumsifu mtu usoni, ilimshinda kabisa. Nilikaa nikiamini kwamba ananiona mwalimu dhaifu, mpaka siku moja, kwenye semina Muheza, mwalimu nisiyemfahamu aliniuliza, "Ndiye wewe unayefundisha kutoa kwa vifuu vya nazi? Mama Mkaguzi ametuchosha na habari zako." Nilitoka nje nikasimama peke yangu kwenye wauza machungwa, nikitabasamu kama mwendawazimu.

Tena aliogopa maji. Mtu wa pwani, kazi yake inamvusha mto Pangani kila wiki, na kila mara pantoni ilipong'oa nanga alifumba macho akasoma dua mpaka ilipogota ng'ambo ya Bweni. Kina mama wa samaki walimtania, "Mama, fumbua macho, tumefika Maka!" Naye, macho yamefumbwa, alijibu, "Nitafumbua nikisikia harufu ya nchi kavu." Kina mama hao walimpenda. Nalisema hili ili ieleweke alichokipoteza baadaye.

Shule yetu ilikuwa na Mwalimu Mkuu ambaye kwangu alikuwa baba. Nilipofika mgeni, na sanduku langu na woga wangu, yeye na mkewe walinipa chumba, wakanifundisha wapi pa kuchota maji na nani wa kumwamkia kwanza. Madarasa mawili aliyajenga kwa kuwahimiza wazazi watoe mawe na nguvu, mwenyewe akiwa na koleo mkononi. Yeye na Mama Mkaguzi walisoma chuo kimoja cha ualimu, darasa moja. Hawakuitana kwa vyeo. Waliitana "mwenzangu". Ungewasikia wakicheka ofisini ungedhani wamerudi ujanani.

Walimu tulikuwa wachache mno, na darasa la tatu halikuwa na mwalimu. Mwalimu Mkuu alilichukua mwenyewe. Lakini alikuwa na ofisi, ujenzi na vikao vya Pangani mjini, hivyo mara nyingi darasa lile lilibaki na kiranja, ambaye aliwaongoza wenzake kuimba kitabu kwa sauti moja. Waliimba vizuri. Kutoka nje ungesema wanasoma. Na taarifa iliyokwenda wilayani ilisema hivyo, kwamba wanasoma wote.

Siku Mama Mkaguzi alipoingia darasa lile nilikuwa nimetumwa kuleta vitabu. Alimchagua mtoto mmoja wa kike, akamfungulia kitabu penye hadithi ya sungura. Mtoto akasoma bila kugugumia, vituo vyote mahali pake. Mama Mkaguzi akafunika picha kwa kiganja. Mtoto akaendelea. Kisha, taratibu, akafunua ukurasa mwingine kabisa. Mtoto akaendelea na habari za sungura, kidole chake kikipita juu ya somo la kilimo cha mihogo.

Hakuna aliyecheka. Alimjaribu mwingine, na mwingine. Halafu akafunga kitabu, akasema, "Ahsanteni wanangu, mna sauti nzuri," akatoka.

Ofisini nilikuwa namimina chai alipoketi. Hakuigusa.

"Mwenzangu," akasema, "watoto hawa hawasomi."

"Wanasoma," Mwalimu Mkuu akajibu. "Si umewasikia?"

"Nimewasikia wakikumbuka."

Mwalimu Mkuu alinitazama, nami nikataka kutoka, lakini birika lilikuwa mkononi na mlango uko nyuma yao. "Nimeshasema wanasoma wote," akasema. "Ukiandika vingine, mimi nimekwisha. Unajua."

"Najua."

"Madarasa haya nimeyajenga kwa mikono hii."

"Najua. Na walimu umeomba mara ngapi? Umejibiwa nini?"

Sote tulijua alichojibiwa: kwamba shule yake inakwenda vizuri, wapo wenye shida zaidi.

"Watakuletea walimu kwa lipi," akasema Mama Mkaguzi, "na wewe mwenyewe umewaambia huna tatizo?"

"Basi andika walimu hawatoshi. Hilo la kusoma liache. Kwa ajili yangu. Tumekula sahani moja, mwenzangu."

Mama Mkaguzi aliitazama mikono yake. "Ndiyo maana nimekuja kukwambia wewe kwanza," akasema, "kabla sijaandika."

Akaandika. Kabla mwaka haujaisha tuliletewa walimu wawili, mmoja wao hodari sana wa madarasa ya chini. Na Mwalimu Mkuu akavuliwa madaraka, akapelekwa shule nyingine kuwa mwalimu wa kawaida. Siku anahama, wazazi walisimama njiani kama kwenye msiba. Mkewe alinikumbatia.

Kijiji hakikumsamehe Mama Mkaguzi. Walisema kamponza mwenzake, kala naye na kisha kamgeuka. Kwenye pantoni wale kina mama wa samaki waligeukia mto. Aliwasalimu wote, kama kawaida yake, na waliojibu walijibu kwa midomo tu. Siku hiyo nilikuwa naye. Nilimwona hakufumba macho. Alivuka amesimama, anayatazama maji, na niliona afadhali angefumba.

Mimi pia nilikuwa na kinyongo. Nilimuuliza njiani, "Mama, hukumwonea huruma?"

"Nilimwonea. Mpaka sasa namwonea."

"Basi?"

"Basi mwambie yule mtoto wa sungura angoje mpaka huruma yangu iishe."

Akaongeza mwendo, mkoba kwapani.

Walimu wapya walikuwa hawajaripoti bado alipochukua likizo yake. Tulidhani atakwenda kwa ndugu zake Tanga mjini. Akatokea mlangoni kwangu na kikapu cha ukili. "Nimekuja kupumzika," akasema. Asubuhi iliyofuata nikamkuta darasa la tatu.

Huyu alikuwa mtu aliyetuambia miaka yote kwamba mkaguzi hafundishi. Mwalimu akimwomba amwonyeshe namna ya kufundisha jambo alikataa katakata: "Nikikufundishia, nitakukaguaje?" Sasa alikuwa ameketi sakafuni, baibui limetundikwa kwenye msumari, kila mtoto na jina lake mwenyewe limeandikwa kwenye kipande cha boksi. Alianzia hapo. Mtoto akijua kwamba zile alama ni yeye, alisema, hatazisahau. Alikuwa na kicheko ambacho kwenye ukaguzi hatukukisikia hata siku moja, kicheko cha msichana. Jioni alipika, akaimba, akakoroma. Wakati wa kunawa aliitazama chaki iliyoingia kwenye kucha, juu ya hina, akawa kama hataki kuiondoa.

Likizo ilipoisha wengine walikuwa wanasoma, wengine wanakaribia. Yule mtoto wa sungura alikuwa bado, herufi anazijua lakini zimekataa kushikana. Mama Mkaguzi alimshika kichwa, akaniambia, "Huyu bado kidogo tu," kisha akapanda bodaboda. Mtoto alipata kusoma muhula uliofuata, asubuhi ya mvua, akanisomea sentensi tatu kisha akacheka kwa mshangao. Mama Mkaguzi alikuwa shule nyingine, mbali. Nilimpigia simu. "Ahsante," akasema. "Alikuwa amevaa nini?" Nikamwambia sweta la kijani. "Haya," akasema.

Msiba wake ulinikuta nikiwa mbali kikazi, nilipofika walikuwa wamekwisha kuzika. Kwa hiyo picha ninayobaki nayo ni ya mara ya mwisho nilipomwona akiwa hai, Muheza, msimu wa machungwa. Alikuwa amestaafu na kuhamia huko kwa mpwa wake. Mimi nilikuwa nimeitwa wilayani nikaambiwa nimechaguliwa kuwa mthibiti ubora, na sikutaka kumjibu mtu yeyote kabla sijaonana naye.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Wanakulisha nini huko Mwera?"

Alikuwa amekonda yeye. Mikono haikuwa na hina. Alinimenyea machungwa mwenyewe, kwa kisu, ganda likishuka kama utepe, akakataa nimsaidie. Tukaongea habari za watu. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Mwenzangu umemwona?"

Nilikuwa nimemwona, kwenye shamba lake la minazi karibu na Pangani mjini, amestaafu naye, ana nguvu zake. "Mzima," nikamwambia. "Nilimwambia nakuja kwako."

"Akasemaje?"

"Alinipa nazi nikuletee." Nikazitoa kwenye mfuko, nazi mbili zilizofuliwa. "Hakusema kitu."

Alizipokea akaziweka mapajani, akazishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepakata mtoto.

Ndipo nikamwambia habari ya uteuzi. Nilitegemea atafurahi. Aliuliza darasa langu la sasa lina watoto wa aina gani, nikamweleza. Akasikiliza mmoja mmoja.

"Nikwambie kitu," akasema. "Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kabla sijateuliwa. Nilidhani nikiwa mkaguzi nitakuwa na watoto wa wilaya nzima. Kumbe mkaguzi humwona mtoto siku moja. Leo anakwama, unaandika kwamba anakwama, unaondoka. Siku anayofunguka hupo. Kazi yote ile, mwanangu, nimetamani darasa langu. Nikiketi nyuma kule ulidhani nakagua? Wakati mwingine nilikuwa nimekaa tu."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nenda. Usipokwenda watampeleka mtu anayependa kuku." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nenda, lakini usije ukasema hukuambiwa."

Alinisindikiza kwenda stendi, polepole, mimi nimebeba mfuko wa machungwa aliyonipa. Njiani kuna shule, imezungukwa na ua wa michongoma, na darasa moja madirisha yake yako karibu na barabara. Watoto walikuwa wanasoma kwa zamu. Tulipofika usawa wa dirisha mtoto mmoja alikuwa amekwama.

"Bibi... anapa... Bibi anapa..."

Mama Mkaguzi akanishika mkono. "Ngoja."

"Mama, gari litaniacha."

"Ngoja. Amekwama."

Mtoto alirudi mwanzo. Bibi. Anapa. Kimya. Mtoto mwingine akajaribu kumnong'oneza, akakanywa. Mama Mkaguzi alikuwa amefika mpaka kwenye michongoma yenyewe, miiba imeshika baibui lake, na midomo inacheza. "Usimsaidie, mwalimu," alikuwa ananong'ona. "Usimsaidie, usimsaidie, neno analo."

Gari la Pangani likapita, konda ananing'inia mlangoni anaita abiria. Sikuliangalia.

"Bibi anapa... li... Bibi anapali... lia." Kisha kwa mkupuo, kwa sauti ya mtu aliyevunja mlango: "Bibi anapalilia mihogo!"

Darasa likalipuka kwa makofi. Na huku nje, kando ya barabara, Mama Mkaguzi naye alikuwa anapiga makofi, kwa nguvu, mikono juu, machozi yanamtiririka, watu wa baiskeli wanageuka kumtazama. Nikaweka mfuko wangu chini, vumbini, nikapiga naye.